Injini Ilipozima Juu ya Rufiji

Nilipokuwa mwaka wa pili, darasa letu la Kiswahili lilisafiri kwa basi kutoka Kampala hadi Mombasa. Tulikwenda kusikiliza Kimvita kikizungumzwa na wenyewe, lakini kilichonibakia kichwani hakikuwa lahaja. Pale Fort Jesus tulionyeshwa mizinga miwili ya meli. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na wa pili ulitoka katika manowari ya Kiingereza, Pegasus. Meli hizo zilipigana mwaka 1914, moja ikaizamisha nyingine, na leo mizinga yao imekaa pamoja kama wazee waliosahau ugomvi.

Nilishtuka kwa sababu jina la Königsberg nilikuwa nimelisikia nyumbani. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa injini za boti katika mwalo wa Masese, Jinja, alizoea kuniambia kwamba mji wetu una mzinga wa meli ya Wajerumani. Nilidhani ni porojo za mwaloni. Jinja haina bahari. Mzinga wa meli ungefikaje huko? Kumbe mzee alisema kweli. Mizinga ya Königsberg ilitawanyika: mmoja uko Mombasa, mmoja Jinja, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini.

Insha hii inaeleza jinsi meli hiyo ilivyopatikana na kuharibiwa katika delta ya mto Rufiji, mwambao wa Tanzania ya leo. Mara nyingi kisa hicho husimuliwa kama kisa cha mizinga mikubwa. Mimi naona ni kisa cha injini zilizoharibika, na hasa injini za ndege ndogo zilizozimika juu ya mikoko. Hoja yangu ni hii: injini kuzima peke yake haiamui jambo. Kinachoamua ni kile kilicho karibu nawe inapozima, na watu walio tayari kukushika unapoanguka.

Meli mbili zenye mashine mbovu

Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Unguja. Haikuwa imepumzika kwa raha. Ilikuwa meli iliyochakaa, na mabaharia wake walikuwa wakishughulikia boila na mashine zake, kwa hiyo haikuweza kuondoka upesi. Königsberg, manowari mpya zaidi yenye mizinga 10 ya milimita 105, ilitokea alfajiri na kuishambulia kutoka mbali ambako mizinga ya Pegasus haikufika. Waingereza zaidi ya 30 walikufa, na meli yao ikazama baadaye siku hiyo hiyo. Hapo ndipo tunapoona injini ya kwanza katika kisa hiki. Meli isiyoweza kwenda ni shabaha tu.

Lakini dunia ni mzunguko. Königsberg nayo ilikuwa na hitilafu katika mashine zake. Nahodha wake, Max Looff, hakuwa na bandari salama ya kwenda, kwa kuwa meli za Uingereza zilikuwa zikiilinda bahari. Akaingia katika delta ya Rufiji na kujificha karibu na Salale, nyuma ya mikoko mirefu. Sehemu za mashine zilizoharibika zilifunguliwa zikapelekwa kwa njia ya nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 100, kisha zikarudishwa. Waliozivuta na kuzibeba walikuwa Waafrika. Nitawarudia baadaye.

Tarehe 30 Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Chatham iliigundua Königsberg mtoni. Waingereza wakaziba sehemu ya mlango wa mto kwa kuizamisha meli kuukuu, Newbridge, tarehe 10 Novemba. Kwa hiyo mashine za Königsberg zilipopona, njia ilikuwa imefungwa. Hata hivyo Waingereza nao walikuwa na shida kubwa. Manowari zao zilikuwa na vina virefu mno kuweza kuingia katika vijito vya delta, na kutoka baharini hawakuona kitu ila majani. Wajerumani walikuwa wamefunga matawi ya miti juu ya milingoti. Mtu hawezi kulenga asichokiona. Walihitaji macho angani.

Ndege za kwanza Rufiji

Tukumbuke kwamba mwaka 1914 ilikuwa imepita miaka 11 tu tangu ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, waruke kwa mara ya kwanza kwa ndege yenye injini. Ndege za wakati huo ziliundwa kwa mbao, nguo na waya. Injini zake zilikuwa na nguvu ndogo kuliko za magari mengi tunayoyaona barabarani siku hizi.

Waingereza walimpata rubani wa kiraia Afrika Kusini, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya majini ya aina ya Curtiss yenye injini ya nguvu farasi 90. Mwezi wa Novemba akapelekwa katika kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia, na kutoka huko akaanza kuruka. Katika ruko lake la kwanza alipotea katika hali mbaya ya hewa, akalazimika kutua karibu na kisiwa kingine mpaka alipotafutwa na kuokolewa. Kisha rejeta ya injini yake ikaleta taabu. Hapakuwa na duka la vipuri vya ndege katika Afrika Mashariki nzima. Ikabidi meli iende Mombasa kutafuta rejeta ya gari la Ford, ikaletwa, ikafungwa katika ndege. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktabani. Ni jambo ambalo mjomba wangu angelifanya Masese bila kuuliza mtu.

Kwa ndege hiyo Cutler aliiona Königsberg. Taarifa yake ilikuwa ya thamani kubwa. Lakini mapema mwezi wa Desemba 1914 injini ilimkatikia juu ya delta, akalazimika kutua juu ya maji ya mto, ndani ya eneo la Wajerumani. Mtu yule hakufa. Ndege yenyewe ilivutwa na mashua ya Waingereza ikatolewa mtoni, huku risasi zikipigwa kutoka ukingoni. Cutler, hata hivyo, alikwisha kutekwa. Alikuwa peke yake, hakuwa na simu ya upepo ya kuwaita wenzake, na waliokuwa karibu naye walikuwa maadui.

Mwezi wa Februari 1915 likaja kundi la marubani wa jeshi la wanamaji likiongozwa na John Cull. Walileta ndege mbili za majini za aina ya Sopwith. Zilishindwa. Nilitaka kujua sababu, kwa maana vitabu vingine husema tu kwamba hali ya hewa ya tropiki ilizishinda, kana kwamba joto ni uchawi. Sababu zenyewe zinaeleweka. Hewa yenye joto huwa nyepesi kuliko hewa ya baridi. Bawa linahitaji hewa ili liinue ndege, propela inahitaji hewa ili ivute, na injini nayo inahitaji hewa ili ichome petroli. Hewa ikiwa nyepesi, vyote vitatu hupungukiwa kwa wakati mmoja. Juu ya hayo, gundi iliyoshikilia mbao ililegea kwa joto na unyevu. Ndege iliyoruka vizuri Uingereza ikashindwa kumpandisha mtu wa pili pamoja na mabomu huku kwetu.

Zikaletwa ndege nyingine za aina ya Short. Tarehe 25 Aprili 1915 Cull aliruka akaipata Königsberg na kuipiga picha. Kwa kuwa ndege haikuweza kupanda juu sana, ilipita mahali ambapo hata bunduki za kawaida ziliweza kuifikia, na injini yake ikapigwa risasi. Alirudi nayo hivyo hivyo. Tangu hapo ilieleweka kwamba kila ruko juu ya Rufiji lilikuwa ni kamari na injini.

Tarehe 11 Julai 1915

Baada ya hapo zililetwa manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey. Awali ziliundwa kwa ajili ya Brazil, zitumike katika mito yake, lakini vita vilipoanza Uingereza ikazichukua. Zilivutwa kutoka Malta hadi kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka mwezi wa Januari. Zikaja pia ndege mpya za magurudumu za aina ya Caudron na Henri Farman, na uwanja ukatengenezwa Mafia.

Mpango ulikuwa kwamba manowari hizo ziingie mtoni, zipige mizinga kupita juu ya mikoko, na mtu aliye ndegeni awaambie makombora yanaangukia wapi. Mtu huyo alituma habari kwa simu ya upepo kwa alama za Morse. Tarehe 6 Julai walijaribu mara ya kwanza. Meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na aliyekuwa juu alishindwa kujua kombora lipi ni la meli ipi. Mersey ikapigwa na watu wakafa. Waingereza wakarudi nyuma. Somo walilolipata ni kwamba macho yaliyo angani ni ya maana kuliko wingi wa makombora.

Siku tano baadaye walirudi. Safari hii meli moja ilipiga kwanza na nyingine ikangoja. Juu walikuwapo Cull akirusha ndege aina ya Henri Farman, na Harwood Arnold akiwa mwangalizi. Kombora baada ya kombora, Arnold alisahihisha: mbele kidogo, kushoto kidogo, mpaka Severn ikaanza kuipiga Königsberg yenyewe. Kabla ya saa saba mchana Wajerumani nao waliipata ndege. Injini ikapigwa.

Hapa ndipo nilipokwama nilipokuwa nikiandika. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika sentensi moja tu: ndege ikaanguka. Wakati wa likizo nilimsomea mjomba rasimu hiyo tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mikono yake ikiwa bado na grisi. Akaninyamazisha kwa kidole.

“Ilipozima, walikuwa juu kiasi gani?”

Nikamjibu kwamba walikuwa mita mia kadhaa.

“Basi haikuanguka, mwanangu. Ilikuwa inashuka. Mimi injini ikizima katikati ya ziwa siangalii injini kwanza. Naangalia upepo unatoka wapi, na nani yuko karibu. Injini nitaiangalia nikishajua tunaelekea wapi.”

Nilikwenda kusoma upya, nikaona mjomba, ambaye hajawahi kupanda ndege, alikuwa ameeleza kazi ya rubani kuliko nilivyoieleza mimi. Ndege ikipoteza injini haidondoki kama embe. Mabawa yake bado yanafanya kazi mradi inasonga mbele. Rubani huinamisha pua kidogo ili mwendo usipotee, naye hulipa kwa kimo: kila mita anayoshuka inamnunulia mita kadhaa za kwenda mbele. Akijaribu kuinua pua ili abaki juu, mwendo hupotea, mabawa hushindwa, na hapo ndipo huanguka kweli. Kimo ni kama akiba ya fedha. Haiongezeki tena, lakini mtu anaweza kuchagua ataitumia wapi.

Cull aliitumia kuelekea mtoni, upande wa meli za kwao. Walituma habari kwamba wamepigwa na kwamba waletewe mashua. Jambo la ajabu ni alilolifanya Arnold katika dakika zile za kushuka. Aliendelea kutuma masahihisho. Makombora yalikuwa yakipiga sehemu ya mbele ya Königsberg; yeye akawaelekeza wayasogeze kuelekea katikati, palipokuwa na mashine. Ndege ikapiga maji karibu na Mersey, ikapinduka. Arnold akarushwa nje. Cull alinaswa na mikanda yake chini ya maji, akapambana mpaka akajinasua. Mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili.

Tumlinganishe Arnold na Cutler. Wote walizimikiwa na injini juu ya delta ile ile, tofauti ikiwa ni miezi saba. Cutler alitekwa, na Arnold akaikamilisha kazi akiwa ndani ya ndege isiyo na injini. Sidhani kwamba mmoja alikuwa shujaa kuliko mwenzake. Cutler aliruka peke yake juu ya nchi ya adui kwa ndege iliyofungwa rejeta ya gari, na huo si woga. Tofauti ilikuwa katika maandalizi yaliyomzunguka kila mmoja. Arnold alikuwa na rubani mwingine wa kushika usukani, alikuwa na simu ya upepo, na chini yake palikuwa na mashua. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ushujaa wa Julai uliundwa na makosa ya Desemba.

Alasiri hiyo Königsberg ilikwisha. Looff, aliyejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe ili isitekwe.

Waliobeba

Mhadhiri wangu aliposoma rasimu ya pili aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Watu wa Rufiji wako wapi?” Nilikasirika kidogo, nikidhani anataka niingize siasa katika habari ya ndege. Baadaye nikaona swali lake ndilo lile lile la mjomba: nani yuko karibu injini inapozima?

Mashine za Königsberg zilipoharibika mwaka 1914, zilipona kwa sababu Waafrika walizibeba hadi Dar es Salaam na kuzirudisha. Meli ilipokufa mwaka 1915, mizinga yake yote 10 iliopolewa na kuvutwa hadi Dar es Salaam kwa mikono ya Waafrika, ikafungwa magurudumu, na kutumiwa na jeshi la Lettow-Vorbeck katika vita vya nchi kavu. Ndiyo sababu mizinga ya baharini ilipigana milimani na nyikani, na ndiyo sababu mmoja wao, ulipotekwa, uliishia Jinja. Kwa upande wa Waingereza, maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliandikishwa kutoka nchi zetu zote, Uganda ikiwamo, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililogeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam ambao leo tunaujua kwa soko lake. Nairobi nayo ina Kariokor. Lugha imewatunza kuliko vitabu.

Katika vitabu nilivyosoma, Cull na Arnold wanatajwa kwa majina na nishani walizopewa, na Looff anatajwa kwa cheo chake. Wapagazi wanatajwa kwa wingi wao, kama mizigo inavyohesabiwa. Sisemi kwamba tuwafute marubani ili tuwaweke wapagazi. Vita vile havikuwa vyetu, lakini dakika zile za Arnold angani zinastahili kusimuliwa, nami nimezisimulia kwa heshima. Ninachokikataa ni kusimulia kana kwamba chombo kikiharibika hujitengeneza chenyewe. Rubani alikuwa na mashua ya kumwokoa. Meli ilikuwa na mabega ya watu. Mpagazi aliyeishiwa nguvu njiani, yeye mwenyewe akiwa ndiyo injini ya jeshi lile, hakuwa na mtu wa kumtumia alama za Morse.

Hitimisho

Pegasus ilizama kwa sababu haikuweza kwenda. Königsberg ilinaswa kwa sababu mashine zake zilihitaji kutengenezwa. Cutler alitekwa injini ilipomkatikia, na Cull na Arnold waliishinda manowari huku injini yao ikiwa imekufa. Tukiyaweka hayo pamoja tunaona kwamba historia ya Rufiji haiwezi kuelezwa kwa ukubwa wa mizinga peke yake. Ni lazima tuulize kila mara: chombo kilipozima, kulikuwa na nini chini yake, na nani aliyekuja?

Nilipomaliza rasimu hii ya tatu nilimpigia mjomba simu kumsomea sehemu ya Julai. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama ile mashua ya Mersey iliwahi kufika kabla rubani hajanywa maji mengi. Nikamwambia kwamba iliwahi.

“Haya,” akasema. “Sasa andika na waliopiga makasia.”